Kuchagua Kamera ya Kompyuta ya Kuvaa

Kompyuta ya kuvaa ni ile inayokaa mwilini na kuendelea kufanya kazi huku mwenyewe anatembea, anapika, anachomelea vyuma au anazungumza na wenzake. Hufungwa kwenye miwani, kofia, kifua au kiuno, na mikono hubaki huru. Simu janja ina karibu kila kitu kilichomo katika kompyuta hiyo, lakini maadamu ni lazima itolewe mfukoni na kushikwa, haiingii katika kundi hili.

Tofauti hiyo huonekana zaidi kwenye kamera. Anayepiga picha kwa simu husimama, hutuliza mkono, hutazama kioo, ndipo akabonyeza. Kamera ya kuvaa haina mpigapicha. Hukaa juu ya mwili unaotikisika, hutoka juani na kuingia kwenye ukumbi wenye giza bila taarifa, na bado hutakiwa ione kile ambacho mvaaji anakitazama. Kwa hiyo sifa zinazopambwa kwenye maboksi dukani, hasa wingi wa megapikseli, ni mwongozo dhaifu kwa mnunuzi wa kamera ya namna hii.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1981 Steve Mann wa Kanada, akiwa bado kijana, aliunda kompyuta ya kubeba mgongoni yenye prosesa ya 6502, iliyokusudiwa kutumika pamoja na kamera na vifaa vya picha. Mwaka 1994, akiwa mwanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, alianza kurusha kwenye mtandao picha za kamera aliyovaa kichwani. Vifaa vya wakati ule vilikuwa jamaa za televisheni: kamera ilitoa mawimbi ya analogi, na kadi maalumu ya kunasa video ndiyo iliyoyageuza kuwa namba ambazo kompyuta ingeweza kuzisoma. Katika miaka ya 1990 wajenzi wengi walitumia bodi za kiwango cha PC/104, zenye milimita 90 kwa 96, zinazopachikwa moja juu ya nyingine kama chapati kwenye sahani: hii ya kompyuta, ile ya kunasa video, nyingine ya umeme. Kazi ya rundo hilo zima sasa hufanywa na bodi moja kama Raspberry Pi Zero 2 W ya mwaka 2021, yenye milimita 65 kwa 30.

Uchaguzi huanzia kwenye mwili, kabla ya duka. Kamera ikae wapi? Kichwani huelekea anakoelekea mvaaji, na kwa kazi ya kusoma au kutambua vitu hapana pa kushindana napo, ila kichwa hugeuka ghafla na mara nyingi kuliko mtu anavyodhani. Kifuani pametulia zaidi, na panafaa kwa kuonyesha kazi ya mikono mezani, ingawa ushungi, koti au mkono wenyewe huziba lenzi kila mara. Begani huonekana vizuri kwenye picha za matangazo tu. Mkanda wa begi ukiteleza, kamera hutazama mbinguni.

Hata kichwani, sentimita chache zina maana. Tuseme kamera imefungwa kwenye ukingo wa kofia, sentimita 8 juu ya macho. Mvaaji akitazama mti ulio mita 5 mbele yake, kamera na jicho hutofautiana kwa takriban nyuzi 1 tu, na hakuna atakayejali. Akishika karatasi sentimita 30 kutoka usoni, tofauti hupanda hadi nyuzi 15, na nusu ya karatasi yaweza kuwa nje ya picha. Tiba ya kawaida ni kuinamisha kamera kidogo, kulingana na umbali ambao kazi hufanyika zaidi. Mann alichukua njia ya gharama kubwa zaidi katika kifaa chake cha EyeTap: kioo kinachogawa mwanga huwekwa mbele ya jicho, na kamera hupokea mwanga ule ule ambao ungeingia kwenye mboni.

Baada ya mahali huja upana wa mtazamo, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Macho mawili ya binadamu huona eneo la takriban nyuzi 200 kutoka kushoto hadi kulia, kwa hiyo mtu hushawishika kutafuta lenzi pana kadiri iwezekanavyo. Lakini pikseli za kamera ni kama siagi ya kupaka mkate: ukipanua mkate bila kuongeza siagi, kila kipande hupata kidogo.

Hesabu yake si ngumu. Kamera ya Raspberry Pi iitwayo Camera Module 3, iliyotoka Januari 2023, huuzwa kwa aina mbili: ya kawaida yenye upana wa nyuzi 66 na ya pana yenye nyuzi 102. Karatasi ikiwa sentimita 40 kutoka kwenye lenzi, ile ya kawaida huona upana wa sentimita 52 hivi, na ile ya pana huona karibu mita nzima. Video yenye pikseli 1,920 kwa upana ikigawanywa juu ya sentimita 52, kila milimita hupata pikseli 3.7, na herufi yenye urefu wa milimita 3 hupata pikseli 11. Kwa lenzi pana herufi hiyo hiyo hupata 6. Programu za kusoma maandishi hufanya kazi vizuri herufi zinapokuwa na pikseli 20 au zaidi, kwa hiyo lenzi ya kawaida inahangaika na lenzi pana imeshindwa kabisa. Dawa ipo, nayo si kununua kamera nyingine: kihisi cha kamera hiyo kina pikseli 4,608 kwa upana, na ikipigwa picha moja ya mnato kwa ukubwa wote badala ya video, herufi ile hupata pikseli 27. Anayetaka kifaa cha kumsomea mtu asiyeona anahitaji picha za mnato nzuri. Video ni ya kujua tu wakati wa kupiga.

Kuna mtego mwingine uliojificha humo humo. Upana unaotangazwa kwa kawaida ni wa picha nzima ya mnato, na baadhi ya kamera zikirekodi video hutumia kipande cha katikati cha kihisi tu. Camera Module 2 ya mwaka 2016 hutangazwa kuwa na nyuzi 62, lakini katika video ya 1080p, yaani ya pikseli 1,920 kwa upana, hukata pembeni na kubaki na nyuzi 39 hivi. Mnunuzi aliyepima kofia yake kwa nyuzi 62 hubaki akishangaa kwa nini mikono yake haionekani.

Kuhusu kulenga, lenzi isiyobadilika ina heshima yake. Ile inayojilenga yenyewe hutoa herufi safi karibu na mandhari safi mbali, lakini kwenye kichwa kinachogeuka hutumia muda mwingi ikitafuta: inasogea mbele, inarudi nyuma, na picha inafifia kila mara. Kwa kazi yenye umbali mmoja, kama ya fundi saa, lenzi iliyofungwa kwa umbali huo hushinda.

Kisha mwanga. Jua la mchana hutoa takriban lukisi 100,000, na chumba chenye taa ya kawaida hutoa mia chache. Mtu anayetoka uani na kuingia dukani hupita tofauti hiyo kwa hatua mbili, na kamera hulazimika kubadili muda wa kupokea mwanga wa kila fremu. Gizani huuongeza, na hapo mwendo wa kichwa huharibu kila kitu. Kichwa kikigeuka polepole, nyuzi 60 kwa sekunde, na fremu ikipokea mwanga kwa 1/30 ya sekunde, picha huteleza nyuzi 2, ambazo kwenye video ya pikseli 1,920 kwa lenzi ya nyuzi 66 ni kama pikseli 58. Hiyo si picha tena, ni ukungu. Kwa 1/500 ya sekunde mtelezo hushuka hadi pikseli 3 au 4. Kwa hiyo kihisi chenye pikseli kubwa, kinachokusanya mwanga mwingi kwa muda mfupi, kina faida mwilini kuliko kile chenye pikseli nyingi ndogo. Hesabu ya megapikseli haimwambii mnunuzi habari hiyo.

Vihisi vya CMOS, ambavyo ndivyo vilivyomo katika karibu kamera zote ndogo leo, vina tabia nyingine: husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini. Kichwa kikigeuka katikati ya usomaji, nguzo ya umeme hulala upande na mlango hupinda. Kwa anayerekodi kumbukumbu si neno. Kwa programu inayopima mahali vitu vilipo ni kosa kubwa. Zipo kamera zinazosoma picha yote kwa mara moja, mfano ile ya Raspberry Pi ya mwaka 2023 yenye kihisi cha IMX296, lakini ina megapikseli 1.6 tu na huhitaji lenzi ya kufunga kwa skrubu, mzigo usiopendeza kwenye miwani.

Taa za umeme nazo zina lao. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyopangwa kiwandani kwa hezi 60 za Marekani huonyesha michirizi myeusi inayopanda na kushuka. Wengi huirudisha dukani wakiamini ni mbovu, kumbe kuna mpangilio mmoja wa kubadilisha kutoka 60 kwenda 50.

Sasa njia ya kupeleka picha kwenye kompyuta, yaani kunasa video kwenyewe. Ni vizuri kuanza na mzigo unaosafirishwa. Video ya pikseli 640 kwa 480, fremu 30 kwa sekunde, ikiwa haijabanwa na kila pikseli ikichukua baiti 2, ni megabaiti 18.4 kila sekunde. Ya 1080p kwa kasi hiyo ni megabaiti 124. Namba hizi mbili huamua mengi.

Njia ya zamani ya analogi haijafa. Kamera ndogo za droni za mashindano, zenye uzito wa gramu chache, bado hutoa mawimbi ya PAL, mfumo wa televisheni uliozoeleka kwetu wenye mistari 625 na fremu 25, au NTSC ya Marekani yenye mistari 525 na karibu fremu 30. Sifa yake ni kutokawia, na waya wake mwembamba huweza kuwa mrefu bila shida. Kamera hizi zinahitaji kijiti cha kunasa cha USB, nacho hupatikana kwa bei ndogo. Kasoro ni kwamba kila fremu hutumwa kwa nusu mbili, mistari ya namba witiri kwanza na ya namba shufwa baadaye, na kitu kinachokwenda kasi huonekana kama kimechanwa kwa kitana. Ubora nao hauvuki mistari 576 inayoonekana.

Kamera za USB ndizo njia ya watu wengi. Tangu kiwango cha UVC kilipotoka mwaka 2003, kamera inayokifuata hutambuliwa na Linux, Windows na mifumo mingine bila kutafuta programu endeshi, na huo ndio mstari wa kwanza wa kuutafuta kwenye boksi. USB 2.0 ina kasi ya megabiti 480 kwa sekunde kwenye karatasi, lakini mkondo mmoja wa video hupewa megabaiti 24 hivi kwa sekunde. Video ya 640 kwa 480 isiyobanwa inapita. Ya 1080p haipiti, kwa hiyo kamera huibana kwanza kwa JPEG, fremu baada ya fremu, na kompyuta huifungua. Prosesa ndogo hutoka jasho. Anayetaka kamera mbili ili apime umbali kama macho mawili ajue kwamba kwenye USB 2.0, zote zikituma picha zisizobanwa, mara nyingi ya pili hukataa kuwaka.

Njia ya tatu ni utepe wa CSI, unaounganisha kihisi moja kwa moja na prosesa kama ndani ya simu. Picha hufika zikiwa safi, bila kubanwa, na prosesa haichoki. Kamera yenyewe ni sahani ya milimita 25 yenye uzito wa gramu 3 au 4. Lakini utepe unaokuja nayo ni mfupi, hukatika ukikunjwakunjwa, na soketi yake haikuundwa kwa ajili ya mtu anayevua kofia mara kumi kwa siku. Hapo ndipo uamuzi wote hukaa: mwenye kompyuta kichwani pamoja na kamera atumie CSI, mwenye kompyuta kiunoni, mita moja kutoka kwenye lenzi, atumie USB, ambayo huruhusu waya hadi mita 5. Kurefusha utepe kwa vipande vya kuunga ni kutafuta ugomvi.

Njia ya nne ni kunasa HDMI kutoka kwenye kamera kubwa au ya michezo kwa kijiti cha USB. Ubora ni mzuri, ila kamera hiyo ina betri yake, kompyuta yake na uzito wake, na mvaaji hujikuta amebeba vifaa viwili vinavyofanya kazi moja. Vijiti vya bei nafuu navyo vichunguzwe: vingine vina plagi ya bluu ya USB 3 na ndani ni USB 2.0, na neno 4K kwenye ganda huhusu picha inayoingia, si inayotoka.

Kila njia huongeza ukawiaji. Kwa fremu 30, picha moja tu hudumu milisekunde 33 kabla hata haijatumwa. Kisha hubanwa, husafiri, hufunguliwa na kuonyeshwa. Kama video inahifadhiwa kwa kutazamwa jioni, ukawiaji hata wa sekunde nzima si tatizo. Kama mvaaji anaona dunia kupitia kioo cha kifaa chenyewe, sehemu ya kumi ya sekunde inatosha kumpa kichefuchefu, na hapo CSI au analogi ni za lazima.

Kinachobaki ni umeme na joto, mambo mawili ambayo hayaonekani siku ya majaribio mezani. Google Glass ya mwaka 2013 ilikuwa na kamera ya megapikseli 5 na video ya 720p, lakini betri yake ilikuwa ya mAh 570, na kurekodi mfululizo kuliimaliza upesi huku ubavu wa miwani ukipata moto karibu na sikio. Anayejijengea kifaa chake ana nafasi zaidi. Bodi ndogo pamoja na kamera zikila wati 3, pawabenki ya mAh 10,000, ambayo kwa kweli hubeba wati-saa 37 na kupoteza sehemu njiani, hutoa saa kumi hivi. Pawabenki iwe kiunoni, kwa sababu gramu zake 200 kichwani huishia kwenye shingo.

Kubana video kufanywe na saketi maalumu ya mfumo wa kubana uitwao H.264, si na programu inayotumia prosesa nzima. Pi Zero 2 W ina saketi hiyo, inabana 1080p kwa fremu 30 bila kuhangaika. Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023, yenye nguvu mara nyingi zaidi, haina, na huu ni mmoja wa mifano ambapo bodi mpya na ya ghali ni chaguo baya zaidi kwa kazi ya mwilini. Video iliyobanwa hadi megabiti 10 kwa sekunde huchukua gigabaiti 4.5 kwa saa, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 hutosha siku nzima ya kazi. Kurusha moja kwa moja kwa mtandao wa simu, hata kwa megabiti 2, hula karibu gigabaiti 1 kwa saa, na bando la wiki huisha kabla ya chakula cha mchana.

Kamera ya kuvaa pia huwatazama watu ambao hawakuivaa. Glass haikuwa na taa ya kuwaambia walio mbele yake kwamba inarekodi, na baadhi ya baa na mikahawa ya Marekani iliipiga marufuku. Miwani ya Ray-Ban Meta ya mwaka 2023, yenye kamera ya megapikseli 12, ina taa nyeupe inayowaka inaporekodi, na ikizibwa kamera hukataa kufanya kazi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022; sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Taa ya bei ya peremende, iliyounganishwa na umeme wa kamera wenyewe ili programu isiweze kuizima, ni bora iingie kwenye orodha ya ununuzi tangu siku ya kwanza.

Kwa anayeanza, chaguo la busara ni kamera ya USB ya UVC, ya 720p, yenye lenzi ya nyuzi 60 hadi 70, iliyotolewa kwenye ganda lake na kushonewa kwenye kofia, na waya wake ukipita nyuma ya shingo. CSI ije baadaye, mvaaji akishajua kofia inakaaje na kazi yake ni ya umbali gani. Na kama jaribio halikufaulu, ile ya USB hurudi mezani ikatumika kwenye vikao vya mtandaoni.